Chumba Ambamo Mtu Haruhusiwi Kuingia

Chumba cha seva katika ofisi yetu kina mvumo uleule wa feni, lakini kimekuwa kimya. Zamani ukipita koridoni ulisikia mwanamke akizigombeza mashine. "Ee we, unalala? Amuka! Bon, sasa unataka nini tena?" Wageni walidhani anamfokea mtoto. Sisi tulijua kwamba Iribagiza yuko kazini na hati za malori zitapita, tukaendelea na chai yetu. Siku hizi anayekaa mle ni Bwana Bahizi, mtu mpole, na hazungumzi na mashine yoyote.

Iribagiza alizaliwa Masisi, akakulia Goma, akavuka mpaka wa Kongo kuja Gisenyi, Rwanda, akiwa msichana. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, karibu na Grande Barrière, lango kuu la mpaka. Seva ikilala, malori nayo hulala mpakani, na madereva huja mlangoni kututukana kwa lugha nne. Yeye ndiye aliyetuletea Linux, ule mfumo wa kompyuta ambao yeyote anaweza kuufungua, kuuchungulia na kuutengeneza. Aliujifunza kwa kuuharibu na kuusimamisha upya, na mara nyingine kwa kuuharibu tu, nasi tukarudi kwenye karatasi kwa siku nzima.

Kisha kampuni ya bima ya ofisi ikaja na sharti jipya. Mkurugenzi wetu, Claudette, alimwita ofisini.

"Mutu anayeshika nenosiri kuu lazima akuwe na cheti. Bila cheti hawatukubali."

"Na mi miaka yote hii nilikuwa nashika nini? Ufagio?"

"Iriba, usinigombeze kama mashine zako. Wakaguzi watafika mwisho wa mwezi ujao. Pita mtihani, kiti ni chako. Donc, pita."

Kituo cha mtihani Kigali hakikuwa na nafasi hadi baada ya wakaguzi. Njia iliyobaki ilikuwa kufanyia nyumbani, mbele ya kamera, huku msimamizi akimtazama kutoka nchi asiyoijua. Masharti yalikuwa machache na magumu. Uwe peke yako, usiseme neno, usiondoke kitini. Mtu mwingine akionekana chumbani, mtihani unakatwa hapo hapo.

Akaanza kukonda. Mezani alishika kijiko akasahau kukipeleka mdomoni. Kilichomtisha zaidi ni umeme. Kila taa ilipofifia alisimama kama aliyeitwa. Aliazima betri kubwa kanisani, akaijaribu, akaijaribu tena, akaota usiku kwamba ameisahau. Alipita mlango kwa mlango uchochoroni kuomba utulivu, hata kwa Saidati, jirani anayekaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, na kupenda redio.

"Saidati, kesho usifungule redio."

"Hata kidogo? Iko musiba?"

"Iko mutihani."

"Kwa ule umri yako! Basi nitaambia sambaza ziingie mu mafuta polepole, zisipige kelele."

Alibaki mtu mmoja ambaye hakuambiwa, Mukasine, mama mkwe wake wa Mudende. Mukasine hushuka Gisenyi bila taarifa na kuingia bila kubisha, kwa sababu nyumba ya mwanawe ni yake. Mkazana, mke wa mwana, atapata wapi mdomo wa kumwambia nyirabukwe, mama wa mumewe, asije? Iribagiza alimtwika mumewe, Sebagabo, mzigo huo. Sebagabo akapiga simu, akaulizia ng'ombe, akaulizia mvua, akaulizia magoti. Maneno aliyotumwa hakuyafikia. Akamalizia kwa kusema, "Huku ni salama, mama. Salama kabisa."

"Umemwambia?" Iribagiza aliuliza.

"Nimemwambia tu salama."

Hakumlaumu. Yeye mwenyewe asingeweza kusema zaidi. Lakini mama anayesikia mwanawe akisema "salama kabisa" kwa sauti ile hupanda gari la asubuhi.

Mtihani ulianza vizuri. Umeme uliwaka. Alifungua njia za mtandao, akatengeneza akaunti za watumiaji, akagawa diski. Midomo yake, kwa mazoea, ikaanza kuigombeza mashine, na maandishi mekundu yakajitokeza kwenye kioo: usiseme. Akaing'ata midomo. Kazi iliyobaki ndiyo aliyoiogopa kuliko zote, yaani kuizima mashine na kuiwasha upya. Ikiamka yenyewe na diski zake zote, umepita. Isipoamka, yote uliyofanya ni sifuri. Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Wakati huo Sebagabo, aliyekuwa amesimama langoni kama mlinzi, alimwona mama yake akishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, kibuyu cha maziwa kifuani.

"Mama, ngoja kidogo hapa nje."

"Ningoje nini? Ndani kuna maiti?"

"Hapana, ni Iribagiza, yuko…"

"Nilijua! Nilijua ni yeye anaumwa." Akampita.

Iribagiza alisikia hatua sebuleni, kisha mlango wa chumba ukifunguka nyuma yake, kisha sauti ikimsalimia kwa Kinyarwanda. "Mwiriwe, mwana wanjye." Kwa kawaida angesimama kabla salamu haijaisha, amkumbatie, apokee maziwa kwa mikono miwili. Safari hii miguu yake ilitaka kusimama naye akaizuia. Kwenye kioo mistari ya kwanza ilikuwa ikianza kupita. Aliomba mwili wake ulifunike umbo la mama mkwe lisionekane kwenye kamera. Hakugeuka. Hakujibu.

Mukasine akasalimia tena, polepole zaidi. Aliona mgongo mgumu, shingo iliyokakamaa, jasho. Katika umri wake wote hakuwahi kuona mkazana aliyesalimiwa akanyamaza hivyo, ila aliyepoteza fahamu. Akaweka kibuyu chini, akaja mbio alivyoweza, akamshika mabega, akauweka uso wake mkavu karibu na uso wa Iribagiza, mbele kabisa ya kamera.

"Mtoto wangu, unanisikia?"

Mistari ikasimama. Dirisha likajifunga na kuacha sentensi moja ya Kiingereza, kwamba mtihani umesitishwa. Mpaka leo hajui kama ile mashine iliamka.

"Nakusikia, mabukwe," alisema, akasimama, akamkumbatia, akaanza kulia. Mukasine, bila kuelewa, alimpapasa mgongo na kumwambia anywe maziwa yangali na uvuguvugu.

Sheria ya mtihani ilimtaka asubiri kabla ya kurudia, na wakaguzi hawakusubiri. Claudette alimleta Bwana Bahizi kutoka Kigali, akiwa na cheti chake. Iribagiza alipewa dawati la mapokezi, akakaa hapo kwa wiki chache, akipokea madereva huku sikio lake likielekea koridoni kila feni ilipobadili sauti. Mtihani aliurudia Kigali, kituoni, akapita. Lakini kiti kilikuwa na mwenyewe, akatafuta kazi kwingine.

Iribagiza sasa anasimamia seva za hospitali moja ya binafsi huko Musanze. Amepanga chumba nyuma ya soko, na kila Ijumaa jioni hurudi nyumbani Gisenyi kwa basi.