Mgongo Ulioletwa Kutoka Nyumbani

Mtu aliyemkanda baba mgongo kila Jumamosi ndiye aliyesababisha afutwe kazi kwa ajili ya mgongo huohuo.

Tulikaa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, katikati ya miaka ya tisini. Baba na mtu huyo walitoka kijiji kimoja huko magharibi, walisali kanisa moja, na kiwandani walishika gunia moja, maana wapagazi walifanya kazi wawili wawili, kila mmoja na mwenzake. Sisi watoto tulimwita baba mdogo. Jumamosi jioni alikuja na chumvi, mama akaipasha moto ndani ya kitambaa, na baba akalala kifudifudi mkekani.

"Ndugu, huu si mgongo, ni njia ya Mukuru. Mashimo matupu."

"Kanda, wacha maneno. Wako ukoje?"

"Wangu muulize shemeji yako, yeye ndiye fundi wake."

Mama alicheka.

Wakati huo kiuno cha baba kilikuwa kinakaza tu, kama cha kila mpagazi. Kisha siku moja, wakipakia lori, baba mdogo aliteleza. Uzito wote ukamwangukia baba akiwa amejipinda. Maumivu yalishuka kutoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu, na kidole kikafa ganzi.

Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali. Mama wa fiziotherapi, anayetibu viungo kwa mazoezi, alimlaza chali, akauinua mguu wake ukiwa umenyooka. Haukufika mbali. Baba alikamata ukingo wa kitanda.

"Mzee, kiuno kinachokaza asubuhi kisha kikalegea ukitembea, mara nyingi ni misuli. Hii ni shida nyingine. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna visahani laini. Kimoja kimechomoza, kinabana mshipa wa fahamu."

"Ni ya zamani?"

"Kwa unavyonieleza, ni ya siku ile ya gunia."

Alimfundisha mazoezi, akamkataza kubeba mizigo.

Baba alitaka jambo moja tu: kiwanda kikubali kwamba aliumia kazini, kimpe kazi nyepesi ya kushona midomo ya magunia mpaka apone. Nyapara alitusikiliza mlangoni pa bohari.

"Huo mgongo uliletwa kutoka nyumbani," alisema. "Mwenzako mwenyewe ameniambia anaukanda kila wiki. Ama amedanganya?"

Hakukuwa na uongo wa kukanusha. Kulikuwa na kuteleza ambako hakukutajwa. Ndani ya bohari, baba mdogo alikuwa ameshika gunia na mwenzake mpya. Alituona, akageuza uso.

Baba hakurudishwa kazini; akafutwa. Mama alishikilia kwamba nyapara alimbana yule mtu mpaka akasema. Baba aliamini kwamba mwenzake alijipeleka mwenyewe, asije akalaumiwa kwa kuteleza kule.

Miaka michache baadaye nilimkuta yule mtu nje ya kanisa, nikamuuliza: "Baba mdogo, uliulizwa, au ulienda mwenyewe?"

Aliniuliza kama mzee bado anafanya yale mazoezi ya hospitali.