Kitanda Kilichobaki Ndani

Nakumbuka Jumamosi moja pale Muthurwa, mwanangu, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana mwenye chumba kimoja, kitanda kimoja, na majivuno ya kutosha safu nzima ya nyumba. Asubuhi hiyo watu wa bwana afya walikuja na mabomba ya dawa kuua kunguni, na kila mpangaji akaamriwa atoe kitanda chake uani.

Mimi sikutoa. Alasiri alikuwa anakuja Mzee Athumani, fundi cherehani wa Pumwani, kukitazama chumba ambamo binti yake Zuhura angeishi iwapo ningekubaliwa kumwoa. Kuanika kitanda juani kulikuwa sawa na kutangaza kwamba nina kunguni. Nami nilikuwa nao, tena walionenepa.

"We Juma, toa kitanda!" jirani yangu Makokha akanipigia kelele. "Ama wewe hulala na malaika?"

"Kwangu hakuna mdudu."

"Haya. Wangu wakihamia kwako, wasalimie."

Nikafunga mlango. Sikufikiri, ingawa nilijiona msomi, kwamba kuta zetu hazikufika darini, wala kwamba mdudu anayekimbia dawa hutafuta chumba kisichopulizwa. Siku hiyo kilikuwa changu tu.

Mzee alifika amevaa kanzu nyeupe. Nikamketisha kitandani, kwa kuwa kiti changu hakikuaminika, nikaanza kumhutubia juu ya usafi. Akajikuna kifundo cha mguu. Nikaendelea. Akajikuna mgongo. Nikaongeza sauti. Hatimaye akabandua kitu kwenye mkono wa kanzu, akakiinua kwa vidole viwili.

"Juma, huyu ni wa nani?"

"Wa jirani, mzee. Ametoka kwa Makokha."

Ng'ambo ya ukuta sauti ikajibu: "Wangu wamekufa asubuhi!"

Nikaona Zuhura ananiponyoka. Mzee hakucheka.

"Kunguni si ajabu," akasema. "Hata kwangu wapo, juzi nimewamwagia maji ya moto. Lakini wewe unayenificha kunguni leo, kesho utanificha homa ya mwanangu mpaka niitwe mazikoni." Akainuka, akashika upande mmoja wa kitanda. "Shika huko."

Tukakipitisha mbele ya majirani wote, Makokha akipiga vigelegele kama yuko harusini. Wapulizaji walikuwa bado safu ya mwisho. Mzee mwenyewe akaenda kuwaita. Alipokuwa akiaga nikamuuliza, kwa sauti ndogo, habari ya Zuhura.

"Kitanda kikikauka tutazungumza."

Kilikauka. Na Zuhura alipoingia chumbani kama mke wangu, jambo la kwanza aliloniuliza ni bwana afya atapita tena lini.

Basi, mwanangu, kikohozi chako, choo kilichoziba, bomba linalovuja nyuma ya jiko: viseme mapema, tena umwambie jirani, maana anavuta hewa ile ile unayoivuta wewe. Utaona haya alasiri moja tu. Ukivificha, wenzako ndio watakaoumwa. Mungu akujalie chumba kikavu, usingizi usio na mwasho, na jirani mwenye mdomo kama wa Makokha.