Riba Imepanda

Mama mkwe wangu hakujua Kiswahili kingi, na kile alichokijua alikiokota sokoni Mogogosiek akiuza maziwa. Siku moja mume wangu alirudi kutoka benki Kericho, akaketi bila kuvua koti, akasema, "Riba imepanda tena." Mama akaacha kumimina chai. "Hiyo ripa," akauliza kwa matamshi yake, "imepanda wapi?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Sikumbuki tukicheka hivyo tena katika nyumba ile.

Nyumba yenyewe ndiyo iliyotutia kitanzi. Tulitaka ya mawe kama wenzetu, tukaipa benki hati ya shamba, shamba lote la majani chai niliyoyapanda kwa mikono hii nikiwa na mimba ya kifungua mimba wetu. Miaka ya tisini ikaingia na riba zake. Tulilipa, na deni likanenepa.

Kisha chama cha ushirika kikakubali kuuchukua mkopo wetu: kingeilipa benki, nasi tukilipe chama kwa riba isiyobadilika. Kikwazo kilikuwa faini ya benki, kwa kuvunja mkataba mapema.

"Tuuze ng'ombe tulipe hiyo faini," nilimwambia mume wangu.

"Ng'ombe ni wa mama. Ngoja bonasi."

"Baba ya watoto, na riba nayo inangoja bonasi?"

"Mama watoto, haraka ya nini? Bonasi iko karibu."

Kwetu kila kitu hungoja bonasi. Malipo hayo ya mwisho wa mwaka wa chai ndiyo huoa, ndiyo husomesha, ndiyo huezeka kanisa. Mtu akikuambia atakulipa bonasi ikitoka, unamwamini na kwenda zako. Mimi nilifoka, nikanuna, nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Alinitazama kana kwamba ninatukana dini.

Bonasi ilitoka nyembamba, haikutosha hata faini. Tulipokimbilia chama, tukaambiwa hakichukui tena mikopo ya watu wa benki. Mume wangu aliziweka zile noti mezani, akazifunika na kofia yake. Nilimchukia siku ile, na nilimhurumia pia, na sijui kipi kiliniuma zaidi.

Dalali alipiga mnada shamba na nyumba pamoja. Tukahamia chumba cha kupanga sokoni, na ng'ombe wa mama tukawauza kwa bei ya kutupa, maana hatukuwa na pa kuwafunga.

Mama aliomba nimpeleke akaone chai. Tulisimama nje ya ua. Watu tusiowajua walikuwa wakichuma, vikapu mgongoni, na majani yalikuwa mazuri mwaka ule. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ilipanda hapa," akasema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Hapa hapa."