Nyumbani Mtandao Upo

Jirani yangu Bi Time hakuwa mtu wa kukaa ndani. Kabla mumewe hajafariki, ukimtaka asubuhi ulimfuata kondeni kwenye muhogo wake, na jioni ulimkuta kwenye benchi la duka la pale juu, kitochi kimebanwa sikioni, anazungumza na bintiye Samiha aliyeko Muscat kwa sauti ambayo Muscat wangeisikia hata bila simu. Pale dukani ndipo penye mtandao. Kijijini kwetu hapa Shumba mtandao haumfuati mtu, mtu ndiye anayeufuata, na kila mmoja anajua unapopatikana: kwenye benchi lile, nyuma ya skuli karibu na tangi la maji, na juu ya jiwe moja la pwani ambalo vijana wamelikalia mpaka limekuwa laini.

Mzee Shaame alipofariki, Bi Time akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hatii manukato. Nyumba yake haina ua, ukivuka kizingiti tu uko njiani kwa watu. Basi benchi la dukani, ambalo analiona kutoka dirishani, akawa hawezi tena kulifikia.

Mimi ni Mwalimu Beata. Kwetu Mbinga, nafundisha fizikia hapa, na nyumba niliyopanga inatazamana na ya Bi Time. Ni Mkristo, jambo ambalo yeye alilimaliza siku ya kwanza kwa kuniuliza kama nala muhogo wa nazi. Nikasema nala, tena sana. Akaniletea bakuli, na habari ya dini zetu ikaishia hapo. Subira sina. Kitu kikinisumbua nataka nijue sababu yake leo, na kama hakina sababu ndiyo kabisa sipati usingizi.

Kilichonisumbua mwezi ule ni simu za Samiha.

Samiha hakuja kumzika baba yake. Anafanya kazi ya ndani kwenye nyumba ya watu, pasipoti anayo tajiri, na tajiri alikuwa safarini. Habari ya msiba aliipata kwa ujumbe nilioutuma mimi, nimesimama kwenye tangi la maji, nikiandika na kufuta, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kuandika jambo lile. Tangu siku hiyo alimpigia mama yake mara nyingi. Simu inaita, Bi Time anapokea. "Assalamu alaykum, mama." "Waalaykumu ssalamu, mwanangu." Halafu kimya, imekatika. Inaita tena, salamu tena, kimya tena. Nikamwandikia kwamba mama yuko edani na anasema ndani hamna mtandao. Mwishowe haikuita.

Kisha nikapokea ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Nilikwenda nao mbio kwa Bi Time, nikamkuta ukumbini anasuka ukili, wifi yake Bi Zulekha kaketi mlangoni. Bi Zulekha ni dada wa marehemu, amehamia pale kuhakikisha eda inakwenda sawasawa, na macho yake hayapitwi na kitu. Nikabonyeza.

"Mwalimu, nambie mama kama hataki kusema na mie aseme mwenyewe, asinikatie simu. Najua kakasirika kwa vile sikuja. Lakini asinidanganye eti ndani hamna mtandao. Nyumbani mtandao upo. Mie najua."

Mikono ya Bi Time ikasimama.

"Ntoto wangu aniita mie mwongo?" akasema. "Mie nimkatie simu Samiha? Mie?"

Akalia, na alipolia nilitamani nimwambie, mama, inuka, vuka njia, kaa kwenye benchi, zungumza na mwanao, urudi. Nadhani aliliona usoni mwangu. Alipangusa macho kwa ncha ya kanga, akaniambia jambo ambalo bado nalifikiria.

"Shaame nimemkasirikia, Mwalimu. Na eda yake ntamkalia. Yote mawili."

Hasira yake niliijua, mtaa mzima ulijua. Samiha alipoondoka kwenda Uarabuni bila radhi ya baba yake, Mzee Shaame aliapa kwamba jina lake asitajiwe. Miaka ikapita. Kila mara pale kwenye benchi Bi Time alimnyooshea mumewe simu, "Shika, mwanao huyu, nsalimie tu," na kila mara mzee aligeuza uso akaenda zake kwa njiwa wake. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye kumchunia mkewe madafu bila kuombwa. Bi Time alimsamehe mengi. Hili hakumsamehe, na mzee akafa nalo. Sasa Samiha naye ameacha kupiga, na Bi Time aliona anabaki bila mume na bila mwana kwa mpigo mmoja. Mtoto akishaamini mama yake kamkatia simu wakati wa msiba, hata ikipita eda utamrudisha kwa maneno gani?

Tulijaribu kurekodi. Nilimwekea Bi Time simu yangu mbele, nikamwambia, sema tu, mimi nitakwenda kuutuma kutoka tangini. Mwanamke huyu aliyekuwa akipiga kelele dukani mpaka muuzaji anaziba masikio, akajiweka sawa, akakohoa, akaanza: "Mimi, Time, mama yako mzazi, ninakujulisha ya kwamba..." kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Bi Zulekha alificha uso. Jibu la Samiha likaja fupi: "Hayo kapangiwa." Nikamuuliza, basi wewe unajuaje kama nyumbani kuna mtandao? Hilo hakulijibu.

Lilinikera. Ama upo, ama haupo. Hicho ni kitu cha kupimwa.

Kaka yangu Noel ni fundi wa minara ya simu huko bara, na alishachoka na malalamiko yangu, kwa hiyo aliwahi kuniwekea programu kwenye simu inayoonyesha umeshika mnara upi na kwa nguvu gani. Nguvu inaandikwa kwa namba zilizo chini ya sifuri. Ukiona mia na kumi na tano, hiyo simu inakata roho. Ukiona themanini na kitu, zungumza utakavyo. Na kila mnara una namba yake, hivyo ukihamishwa kutoka mmoja kwenda mwingine unaona. Nikamwomba Bi Time laini yake, nikaiingiza kwenye simu yangu, maana kila kampuni ina minara yake na kupima kwa laini yangu kusingesaidia kitu.

"Hicho chapima nini?" Bi Zulekha akauliza. "Majini?"

"Mtandao, Bi Zulekha."

"Vyote havionekani," akasema, akanifuata nyuma.

Nikaanza ukumbini: mia na kumi na nne. Chumbani: mia na kumi na sita. Jikoni hata namba haikutoka. Na nilipokaa pale pale Bi Time anapopokelea simu nikaona mchezo wenyewe. Simu inashika mnara wa upande wa Micheweni, mara inauacha inadandia mwingine wa mbali zaidi, mara inarudi, na kati ya huu na ule kuna sekunde kadhaa haina hata mmoja. Ndiyo maana salamu zilipita na maneno hayakupita. Nilimweleza Bi Time, akatikisa kichwa pole pole. Alifarijika kidogo kujua kwamba kosa si lake, lakini Samiha alisema upo, na mimi nilikuwa nimeshazunguka nyumba nzima.

"Bado ghala," Bi Time akasema.

Ghala ni chumba cha mwisho, mlango wake uko ndani kwa ndani. Bi Zulekha akasimama mbele yangu. "Humo mna vitu vya marehemu. Havijagawiwa."

"Apima, hagawi," Bi Time akamjibu. "Npishe."

Mlangoni mia na kumi na tatu. Nilipita magunia ya mpunga, nikaruka rundo la nazi, na kwenye kona ya mwisho namba ikabadilika machoni pangu: tisini na tano, tisini, themanini na sita. Mnara mmoja. Nikasubiri uhame, haukuhama. Juu yangu, pembeni ya paa, njiwa wa mzee walikuwa wakiguna. Ukutani, usawa wa uso wa mtu aliyeketi, jiwe moja lilikuwa limetolewa na mwanga ukiingia, na chini yake kulikuwa na kigoda.

"Hilo tundu ndilo lililotugombanisha," Bi Time alisema kutoka mlangoni. "Mvua yaingia, mpunga waota, nami namwambia Shaame, ziba. Akisema njiwa wataka hewa."

Mimi nilikuwa na furaha ya namba yangu. Kigoda sikukiuliza.

Nilikwenda tangini nikamwandikia Samiha: mpigie mama sasa hivi, ikikatika hii sitakusumbua tena. Nikarudi karibu nikikimbia, jambo ambalo wanafunzi wangu waliliona na watalisema. Bi Time alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, laini imerudi kwenye kitochi chake, kitochi mapajani. Kilipoita aliweka sauti ya nje, kama kawaida yake, maana anaamini sauti ya kweli ni ile inayosikika na wote.

"Assalamu alaykum, mama."

"Waalaykumu ssalamu, mwanangu. Usikate."

"Sikati mie. Wee ndo..."

Akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, nami nikaona Bi Time amefumba macho, nikajua anawaza kile nilichokuwa nikikiwaza. Lakini simu haikuwa imekatika. Njiwa waliguna juu yetu.

"Mama." Sauti ya Samiha ilikuwa ndogo sana. "Hao njiwa. Upo ghalani? Umekaa kwenye kigoda cha baba?"

Bi Time akafumbua macho. "Nani kakwambia baba'ako akikaa ghalani?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Baba, mama. Kila Ijumaa akitoka nsikitini. Nikimpigia, nasikia njiwa, namwambia baba upo ghalani tena, akinambia nyamaza." Alikuwa analia sasa, akizungumza haraka haraka. "Alinapisha nisikwambie. Alisema mama'ako akijua atanicheka mpaka naingia kaburini. Mie nikaapa. Ndo nikasema mtandao upo. Sijawahi kunkosa hata neno, na yeye yu ndani humo humo. Wee kila nikikwambia salamu wanikatia. Nifikiri nini?"

Bi Time alinyoosha mkono akaingiza vidole kwenye lile tundu, akazipapasa kingo zake. Zilikuwa zimechongwa vizuri, si kazi ya siku moja.

Nikamfikiria yule mzee. Mkewe yuko kondeni, yeye kabaki peke yake nyumbani, anatembea ukumbini, chumbani, jikoni, simu yake kainyanyua, anarudi hatua, anajaribu tena, kama nilivyofanya mimi ila bila namba zozote za kumwongoza. Akafika kwenye kona ya ghala, akasikia sauti ya mwanawe imekaa sawa, akatoa jiwe ili ikae sawa zaidi. Kisha akatoka nje na kununa kama kawaida.

"Njiwa wataka hewa," Bi Time akasema taratibu.

Halafu akacheka. Alianza kwa pumzi za puani, kisha mabega, kisha kicheko chenyewe, kile cha benchi la dukani, na kwenye kitochi Samiha naye akadakia huku analia, wakawa wanachekeana bahari nzima katikati yao. Bi Zulekha akaja mbio mlangoni.

"Time! Wee upo edani!"

"Nduguyo huyo, Zulekha," Bi Time alisema, machozi yanamtiririka. "Nduguyo muulize."

Bi Zulekha aliposimuliwa aliingia, akaketi juu ya gunia la mpunga, akaomba apewe simu amsalimie mtoto wa kaka yake.

Waliongea mpaka kadi ya Samiha ikaisha, na simu ikakatika kwa sababu ambayo kila mtu aliielewa. Siku zilizobaki za eda Bi Time aliketi ghalani na ukili wake. Magunia yalisogezwa mbali na mvua, tundu halikuzibwa. Kila Ijumaa kitochi kinaita, na njiwa wanasikika mpaka Muscat.

Jioni ile ya simu ya kwanza, nilipoaga, alinisindikiza hadi ndani ya mlango, pale eda inapomruhusu kufika. Alikuwa bado ameshika kitochi.

"Na kweli ningelimcheka, Mwalimu," akaniambia. "Wallahi ningelimcheka. Halafu kila Ijumaa ningelimpelekea chai humo humo."