Kwa Nini Chombo Hakilali Karibu na Jupiteri

Ndugu wasomaji wa karatasi yetu ya vijana wa parokia, mnivumilie. Niliishia darasa la sita, naandika polepole, na mkono ukichoka herufi zangu zinaegemeana kama walevi. Mahali nilipokosea, someni kile nilichotaka kusema.

Mnajua kazi yangu hapa Butembo ni kuchaji simu za watu. Simu zikiwa zinajaa, mimi nasoma habari za kile chombo kinachoichunguza Jupiteri, sayari kubwa ya gesi ambayo vitabu vingine vinaiita Mshtarii. Mara ya mwisho niliwaandikia kwamba hakina mtu ndani, kwamba kinaongozwa kwa amri kutoka duniani, na kwamba kinaikaribia sayari kwa saa chache tu, halafu kinakimbilia mbali na kukaa huko majuma kadhaa kabla ya kurudi. Mkaniuliza: kimesafiri miaka yote ile, kwa nini hakibaki karibu? Nilijibu "mionzi" tu. Neno hilo nilikuwa nimelisoma bila kulielewa.

Lakini sikusafiri kwa ajili ya swali lenu. Mama alinituma Beni nikamlete mdogo wake, mjomba Mbusa. Alikuwa amesikia kwamba mjomba ameanza kulala shambani, kwenye kakao yake, upande ambao watu wameacha kulala kwa sababu ya wale wanaokuja na mapanga. Mama alisema nisirudi bila yeye. Akanituma mimi, ambaye hata kumwita mteja kwa sauti ni shida.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi nilipanda pikipiki. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji mwekundu. Dereva, kijana aliyevaa koti la plastiki, aliendesha mpaka Kalunguta, ambako tulisimama akaze mnyororo. Hapo nikaona watu wanashuka kutoka mashambani na mihogo mgongoni, na jua lilikuwa bado changa. Nikamwambia kwamba wamerudi mapema. Akajibu bila kuniangalia kwamba siku hizi mtu anapanga kwanza saa ya kurudi, ndipo anapanga saa ya kwenda.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha mwisho kabla ya Beni, askari alichukua simu yangu akaona picha ya chombo, na mabawa yake matatu marefu yanayonasa nguvu ya jua. Akauliza kama ni droni. Nikasema hiyo iko mbali sana.

"Mbali wapi? Kampala?"

"Jupiteri," nikasema.

Akamwita mwenzake aje asikie. Walicheka, wakanirudishia simu, wakasema mtu anayepeleleza Jupiteri jeshi halina neno naye.

Beni, mchana. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Amekonda. Mke wake, mama Masika, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Mwipwa wangu," mjomba akasema, maana kwetu ndivyo anavyoitwa mtoto wa dada, "dada alikutuma unifunge kamba sawa mbuzi?"

Nikaangalia chini. Yeye mwenyewe akaeleza. Kakao imeiva. Akienda asubuhi na kurudi kabla ya jua kuinama, anavuna kidogo tu, nyingine inaoza na kuwa nyeusi juu ya mti. Kwa hiyo amejenga kijumba kule, alale siku chache amalize yote. Mchi wa mama Masika ulianza kupiga kwa nguvu zaidi.

Jioni tulikula bugali na sombe. Neno la mama lilikataa kutoka kinywani, basi nikatoa simu, nikawaonyesha picha za sayari: mawingu yaliyojikunja kama maziwa yaliyomwagwa ndani ya kahawa, na kwenye ncha yake dhoruba zimebanana kama mayai ndani ya kiota. Mjomba akauliza chombo kinatua wapi. Nikamwambia hakuna pa kutua, chini ya mawingu ni mawingu tena. Kinapita juu yake kwa mbio, kinapima, kinapiga picha, kinatoka. Karibu na sayari ile kuna mionzi isiyoonekana inayokula mashine. Akili ya chombo imefungiwa ndani ya sanduku la chuma, lakini kila kinapoingia kinaumia kidogo. Kamera yake iliwahi kuharibika, na watu wa huku duniani wakaiamuru ijipashe moto mpaka ikaona tena.

Mjomba akacheka. "Hiyo njo shamba yangu. Unaingia, unakata, unatoka."

"Na ikilala kule?" mama Masika akauliza.

"Itakufa," nikasema.

"Basi iko na akili kupita bwana yangu."

Mjomba alicheka tena, mara hii kwa kifupi. Mama Masika akataka kujua chombo kinaweza kuingia mara ngapi. Nikasema hakuna anayejua. Safari zilizopangwa mwanzoni zilikwisha zamani, nacho bado kinaingia. Akauliza nani anakituma. Nikasema ni watu wanaoketi huku duniani. Akamgeukia mumewe.

"Ile mashine, batu banaituma. Wewe, nani anakutuma? Mimi hapana. Batoto hapana. Ni kakao njo inakutuma?"

Mjomba akanawa mikono, akaenda kulala.

Siku ya Mungu, tulipotoka misani, hakuwepo, na panga lake halikuwepo. Siku hiyo watu hawaendi mashambani, kwa hiyo alikuwa njiani peke yake. Kule hakuna mtandao. Mama Masika aliosha sufuria, akaisuuza, akaiosha tena. Mimi nikamwambia kwamba hata wenye chombo wanangoja hivyo. Habari yake inachelewa njiani kwa sababu ya umbali, hata kama chombo chenyewe kimeshatoka salama. Akauliza wanafanya nini wakati wa kungoja. Nikasema sijui.

"Mimi naosha sufuria," akasema.

Jua lilikuwa limeinama tulipomwona. Hakubeba gunia. Kichwani alikuwa na mabati matatu ya zamani, yenye kutu. Akayatua chini, akavuta pumzi, akaniambia mimi, si mke wake:

"Ambia dada yangu: nyumba ya kule nimeibomoa. Kuingia, nitaingia. Kulala, hapana tena."

Mama Masika akayaegemeza mabati ukutani, moja moja, akaenda kumtilia maji ya kuoga.

Kesho yake nilirudi Butembo peke yangu. Njiani, Kabasha ilikuwa ndani ya ukungu, na mgongo wangu uliuma kwa kila shimo. Mama alikuwa kwenye kizingiti. Akaangalia nyuma yangu, akauliza yuko wapi. Nikamweleza yote. Akauliza mabati yalikuwa mangapi. Nikasema matatu.

"Basi ilikuwa nyumba kweli," akasema, akanipakulia chakula.

Sasa naweza kuwajibu. Chombo hakilali karibu na Jupiteri kwa sababu kinataka kurudi tena. Zamani nilidhani kule kukimbia ni woga. Naona sasa ni namna ya kuendelea na kazi mahali pasipokutaka. Lakini haimaanishi kwamba kitarudi kila mara, na mjomba vilevile, na mama anajua. Nimechoka, wasomaji wangu, na sikuendesha hata pikipiki.

Swali la mama Masika, kwamba wanaongoja wanafanya nini, bado sijalipatia jibu, na vitabuni halimo. Ninyi mlio na mtu anayeingia mahali kama pale, niandikieni, hata mistari miwili, muache karatasi pale ninapochajia simu: mpaka atoke, mikono yenu mnaipa kazi gani?