Sweta Langu Lilikwenda Ufaransa

Sweta langu limeshafika milima ya Ufaransa mara mbili. Mimi sijafika hata mara moja, na nikisema sina kinyongo nitakuwa nadanganya mchana kweupe.

Mimi ni mtu wa milimani. Nilizaliwa Taita, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia mpaka jikoni na mtoto hujifunza kupanda kabla hajajifunza kwenda sawasawa. Hapa Doha hakuna kilima. Nyumba ninamofanya kazi iko mtaa wa Muaither, na mlima pekee ninaoupanda ni ngazi za kwenda kwenye paa kuanika nguo. Nikifika juu naona mapaa mengine, matangi ya maji na vumbi, basi.

Tuko wafanyakazi wawili ndani ya nyumba. Mwenzangu ni Mganda, mdogo wangu kwa umri, mcheshi, mwepesi wa kupendwa, na mwoga wa urefu kupita kiasi. Tukiwapeleka watoto madukani, hupanda ngazi za umeme amefumba macho, ameung'ang'ania mkono wangu kama mtu anayevushwa mto. Nayasema haya mapema ili uchungu wangu ueleweke.

Kila kiangazi, joto likishakuwa la kumchoma mtu kupitia soli za viatu, familia hii hukimbilia mahali pa baridi. Mwaka juzi walipata nyumba ya mbao katika milima ya Ufaransa. Madam alituonyesha picha kwenye simu yake tukiwa jikoni: misonobari, theluji iliyobaki vileleni ijapokuwa ni kiangazi, njia nyembamba inayopinda kuzunguka jabali. Niliiangalia ile njia nikaijua. Sikuwahi kuiona, lakini miguu yangu iliijua. Moyoni nikasema, nikifika pale hata siku moja, nitakuwa nimefika kwetu.

Desturi ya nyumba hizi ni kwamba mmoja anakwenda na watoto, mmoja anabaki. Sikuwa na shaka ni nani atakayekwenda. Watoto nimewalea tangu mdogo wao alipokuwa wa kubebwa. Nilishaanza hata kujigamba kanisani, ambako huku tunasali Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na wenzangu walishaniagiza chokoleti. Kisha Madam akaomba pasipoti ya mwenzangu.

Nilipouliza, kwa adabu zote nilizobakiwa nazo, Madam alishangaa kwamba nauliza. Mama Mkubwa, yaani mama mzazi wa Baba mwenye nyumba, alikuwa mgonjwa wa magoti na hakuweza kusafiri, na hakutaka kuguswa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Hilo lilikuwa kweli. Kila alasiri nilikuwa nikimkanda miguu kwa mafuta ya uvuguvugu yaliyolowekwa karafuu, kama nilivyoona nyanya yangu akikandwa: unaanza kisiginoni, unapanda taratibu, unafika gotini ukiwa umeshapata joto la mwili wake. Mama Mkubwa alikuwa amewatangazia watu wote kwamba mkono wangu una baraka. Niliipokea sifa ile kwa tabasamu, kumbe nilikuwa nafungiwa kufuli.

Siku moja kabla ya safari mwenzangu alikuja kitandani kwangu akauliza kama ningemwazima lile sweta la kahawia alilonifumia mama yangu, kwa sababu huko wanasema baridi haina mzaha. Nilitamani kumwambia limeliwa na nondo. Lakini lilikuwa limening'inia pale pale mbele ya macho yake. Nikampa.

Picha zilikuja kila siku. Sweta langu ndani ya kibanda cha kioo kinachovutwa kwa kamba juu ya bonde, na mwenzangu ndani yake amefumba macho. Sweta langu kando ya ziwa la kijani. Sweta langu chini ya maporomoko ya maji, na watoto wakirushiana maji. Alinieleza kwa ujumbe wa sauti kwamba njia zao zimepakwa alama za rangi nyeupe na nyekundu juu ya mawe ili mtu asipotee, kwamba ng'ombe wao wamefungwa kengele shingoni, kwamba wamepanda kigari kinachoteremka mlima juu ya reli na yeye akalia mbele ya watu. Halafu akatuma picha ya mnyama mnene amesimama juu ya mwamba, akaandika: panya wa huku ni wakubwa. Panya! Kwetu kuna pimbi wa namna ile ile wanaota jua juu ya majabali, na mimi ningekaa nikamtazama mpaka jioni. Usiku ule sikumjibu. 

Waliporudi, mtoto mdogo alinikumbatia, kisha akageuka kumuuliza mwenzangu kama anamkumbuka yule mbwa wa mchunga ng'ombe. Wakacheka pamoja. Mimi sikuwa na mbwa wa kukumbuka. Sweta lilirudi likinuka moshi wa kuni, nikaliweka kabatini bila kulifua.

Hapo ndipo nilipopata akili, au nilidhani ni akili. Kama kilichonizuia ni magoti ya Mama Mkubwa, basi magoti hayo yapate mkono mwingine. Nilimwita mwenzangu nikamwambia ajifunze kukanda, maana siku moja naweza kuugua. Aliona ni upendo. Mwaka mzima nilimfundisha: joto la mafuta, kisigino kwanza, usiminye mshipa, zungumza naye kidogo, akinyamaza nawe nyamaza. Mwanzoni Mama Mkubwa aliurudisha mguu wake kila akiguswa. Nikawa nasingizia mgongo. Polepole akazoea. Ikafika siku nikapita mlangoni nikamkuta amesinzia, miguu yake mapajani mwa yule binti, nami nikaenda jikoni nikajipikia chai ya tangawizi kwa furaha.

Kiangazi kilichofuata, Madam alitangaza wanarudi kule kule. Nilikuwa nimeshaitayarisha pasipoti yangu juu ya meza. Ila Mama Mkubwa, aliyekuwa amekaa na kahawa yake, akasema na yeye anakwenda. Magoti yamepata nafuu, alhamdulillahi, na anataka kuwaona hao ng'ombe wa kengele ambao wajukuu hawaishi kuwasimulia. Watu walifurahi mno. Madam akafanya hesabu ya haraka kichwani, nikamwona akiifanya. Mwenzangu anaijua nyumba ya kule, anazijua njia, watoto wamemzoea, na sasa anamjua Mama Mkubwa. Paka wa Mama Mkubwa na funguo za nyumba vilihitaji mtu wa kuaminika.

"Wewe ndiye ninayekuamini," Madam aliniambia, akiniwekea funguo mkononi.

Nilimpigia dada yangu Voi nikamweleza. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akaniambia mchimba kisima huingia mwenyewe, na kwamba mimi nilichimba kwa mwaka mzima, tena kwa mafuta ya karafuu. Nilimkatia simu. Sikuona cha kuchekesha, na hata leo sikioni.

Safari hii mwenzangu hakuomba sweta. Nililitoa mwenyewe, nikamwambia amvike Mama Mkubwa, kwa kuwa mzee akipigwa na baridi ya mlimani magoti yatarudi kulia. Yule binti alinitazama sana, akaniita dada, akanishukuru. Sikumtazama.

Walipiga simu siku ya kwanza ya kutembea. Mama Mkubwa alikuwa amekaa juu ya benchi la mbao kando ya ile njia, ile ile ya kwenye picha, jabali likiwa nyuma yake na alama nyeupe na nyekundu ikionekana karibu na bega lake. Alikuwa amevaa sweta la mama yangu juu ya abaya. Chini yake, kwenye majani, mwenzangu alikuwa amepiga magoti akimkanda mguu, na bonde lote la Ufaransa liko wazi mgongoni pake. Hakuwa amefumba macho. Alianza kisiginoni, akapanda taratibu.

Mama Mkubwa aliisogeza simu karibu na uso wake ili nimsikie vizuri.

"Binti yangu, usiwe na wasiwasi juu yangu," alisema. "Mkono wake sasa ni sawasawa na wako."

Alikuwa ananishukuru. Nikamwambia alhamdulillahi, nikamwombea safari njema. Kisha nikachukua beseni la nguo nikapanda ngazi za paa.