Mrija Uliobaki na Rangi

Nilianza kumwonea wivu mwenzangu wa kazini kwa sababu ya Kiswahili.

Sote wawili tulifanya kazi katika maabara ya hospitali moja mjini Kampala, miaka ile ya utawala wa kijeshi. Tulipima damu na mikojo ya wagonjwa. Mimi nilimtangulia kazini, naye alipokuja akaniita dada. Alikuwa msichana wa Kiganda wa familia ya wasomi, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, na Kiswahili hakukitaka kabisa. Kwao kilikuwa lugha ya mtu anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki. Mimi nilizaliwa kambini, baba yangu polisi kutoka kaskazini na mama yangu Mnubi, na Kiswahili ndicho nilichobembelezwa nacho nikiwa mgongoni. Basi tuliongea Kiganda au Kiingereza, na sikuona ubaya.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka kahawa mpakani, akarudi na chochote kilichopatikana upande wa Kenya: sukari, sabuni, chumvi. Tulikaa Kansanga, mwaka wa nne wa ndoa, bila mtoto. Akiwa mjini alinipitia jioni hospitalini, na kwa kuwa mabasi mengi yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri, mwenzangu naye alipanda, tukamshusha njiani.

Jioni moja nilichelewa kufunga maabara. Nilipotoka niliwakuta wamesimama kando ya lori, naye anaongea na mume wangu Kiswahili.

"Mimi naenda kirioni," alikuwa akisema, polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni.

"Kilioni," mume wangu akamsahihisha. "Sema kilioni."

Alijaribu tena, akakosea tena, wakacheka. Waliponiona wakanyamaza.

Njiani nilimuuliza kwa Kiganda ni tangu lini anajifunza lugha ya kambini.

"Nimechoka kutoelewa," alijibu, akageukia dirisha.

Tangu siku hiyo sikutulia. Alipoleta sukari ya chai kazini, niliitambua karatasi iliyoifunga, maana nilikuwa na nyingine kama hiyo jikoni. Alipopita karibu yangu, nilisikia harufu ya sabuni ya nyumbani kwangu. Nilimuuliza mume wangu kama amempa vitu.

"Kidogo tu. Watu wana shida."

"Watu ni wengi. Wewe umemwona mmoja."

Aliendelea kula. Alikuwa mtu mkimya tangu zamani, na kabla ya hapo ukimya wake ulinipumzisha. Sasa kila aliponyamaza niliona kuna mtu amekaa ndani ya ukimya huo, na mtu huyo si mimi.

Wakati huohuo maabara yetu iliishiwa seramu ya kulinganishia. Hii ni maji ya damu ya watu wazima wa afya, yenye vipimo vinavyojulikana, na kila asubuhi huipima kwanza ili ujue kama dawa na mashine zako zinasema kweli. Yetu ilikuwa ikitoka ng'ambo, na sasa haikuja tena. Daktari mkuu wa maabara, mzee mpole aliyekuwa amekataa kuhama nchi wakati wenzake wanahama, akasema tutatengeneza yetu wenyewe. Wafanyakazi wote tukatoa damu. Mwenzangu alisitasita, kisha akakunja mkono wa koti lake. Angekataa, angeulizwa sababu.

Kazi ya kupima damu hizo kabla ya kuzichanganya nilipewa mimi. Zote zilikuja sawasawa isipokuwa yake. Kimeng'enya kimoja kilikuwa kimepanda sana.

Kimeng'enya hicho hutoka sehemu mbalimbali za mwili: kwenye mifupa, kwenye ini, na kwa mwanamke mwenye mimba iliyokwisha kukua, kwenye kondo la mtoto. Ukikipima kwa kawaida vyote huonekana kitu kimoja, rangi ileile ya njano ndani ya mrija. Joto ndilo linalovitenganisha. Ukiiweka seramu katika maji ya moto kwa muda, sehemu iliyotoka kwenye mifupa hufa mapema, maana ni tete. Ya ini hufuata. Ile ya kondo ni imara. Huvumilia joto linaloua nyingine zote.

Daktari aliniambia nifanye hivyo. Alihofia mmoja wetu ana ugonjwa wa ini bila kujua. Niliweka mirija katika beseni la maji ya moto, nikaketi kuangalia kipimajoto, maana umeme siku hizo ulikuwa ukipanda na kushuka unavyotaka. Kisha nikatia dawa ya rangi. Mirija ya wengine ilibaki myeupe kama maji ya kisima. Wake ukawa wa njano kama mwanzo.

Nilirudia kipimo, nikiomba nimekosea. Rangi ikaja ileile.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa mwanamke aliyemaliza waganga na madaktari, nimekunywa mizizi ya mama mkwe na vidonge vya hospitali, na mimba ya mwanamke mwingine ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya kioo. Nilifikiria lori jioni. Nilifikiria vile vicheko. Nikahesabu safari za mume wangu, na hesabu yoyote niliyofanya ilikubali.

Nilimkuta mwenzangu kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Nilifunga mlango.

"Una mimba," nikamwambia.

Hakukataa. Aliweka mkono juu ya koti lake, nami nikaona kilichokuwa mbele yangu siku zote: koti lilikuwa kubwa kuliko lile alilokuja nalo.

"Dada, nakuomba, usimwambie Daktari."

"Ya nani?"

Aliangalia chini. "Muulize mumeo," akasema.

Nilitoka. Nilimwambia Daktari kwamba damu ile iliharibika na nimeimwaga. Hilo sikulifanya kwa wema. Sikutaka mtu mwingine ajue kabla yangu.

Mume wangu alirudi safarini kesho yake mchana. Sikumpa hata maji ya kunawa.

"Mimba ya yule msichana ni yako?"

Alikaa kitini kama mtu aliyepigwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, akasema maneno mengi mfululizo. Aliyempa mimba alikuwa mchumba wa mwenzangu, kijana aliyefanya kazi katika ofisi moja ya serikali kule Nakasero. Rafiki zake wawili walichukuliwa, na yeye akawa anatafutwa. Mume wangu ndiye aliyemvusha, amelala kati ya magunia ya kahawa. Sasa kijana yuko Nairobi, anamwita mchumba wake amfuate, na mume wangu amekuwa akibeba salamu zao. Kiswahili mwenzangu alijifunza kwa ajili ya askari wa njiani na kwa ajili ya huko aendako.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi nilikuwa nani katika hayo yote?"

"Baba yako ni polisi. Siku wakija kukuuliza, nilitaka usiwe na la kuwaambia."

Nililia, naye alidhani ninalia kwa nafuu. Labda ilikuwemo. Lakini wivu haukuondoka, ulihama tu. Kwanza nilidhani wamegawana kitanda, na sasa nilijua wamegawana hatari na siri ambayo ingeweza kuwaua wote wawili, na katika siri hiyo mimi nilikuwa mtu wa nje. Sikujua lipi lilikuwa kubwa zaidi.

"Anaondoka lini?" nikauliza.

"Safari ijayo. Lakini mwanamke peke yake na dereva, watatushuku."

"Basi nitakwenda nanyi."

Tuliondoka asubuhi na magunia nyuma, mwenzangu dirishani, mimi katikati. Alivaa gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, na tumbo sasa halikufichika. Tukakaribia daraja la Jinja, mahali ambapo askari walikuwa wamelaza gogo barabarani. Mmoja alikuja upande wake, kijana mwenye macho mekundu, akaangalia tumbo, akaangalia mume wangu.

"Hii bibi yako karibu nazaa," akasema.

Mume wangu alifungua mdomo, na nikaona anataka kunitazama, na nikajua akinitazama tu tumekwisha.

"Ndiyo, afande," akasema.

"Nakwenda wapi?"

"Kilioni, afande," mwenzangu akajibu mwenyewe. Alilisema vizuri.

Askari akaninyooshea kidole. "Na huyu?"

"Mimi dada yake bwana," nikasema. "Nawasindikiza. Huyu ni mimba ya kwanza, haijui kitu."

"Wewe huna bwana?"

"Sina."

Alicheka, akaniambia akimaliza zamu atanioa. Nikamjibu kwa Kinubi, lugha ya mama yangu na ya askari wengi, kama ninavyomjibu mtoto wa jirani kambini, kwamba alete kwanza ng'ombe kwa baba yangu. Alishangaa kunisikia. Akauliza baba ni nani, nikamwambia ni polisi wa siku nyingi, na sauti yake ikabadilika, akawa ananiita dada. Aliwaita wenzake waondoe gogo.

Lori lilipovuka daraja, mwenzangu alinishika mkono. Nilimwacha aushike, ingawa nilitamani kuuvuta. Nilikuwa nimetoka kumpa mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, na nilihisi kama nimempa kweli.

Karibu na mpaka tulimkabidhi kwa mama mmoja mchuuzi aliyejua njia za vichakani. Mume wangu alimuaga kwa kichwa tu. Mimi nilimpa kanga yangu, maana kulikuwa na baridi ya mvua, akajifunga nayo kiunoni na kuondoka bila kugeuka.

Nusu mwezi baadaye dereva mwingine alileta habari kwamba amefika. Baadaye tukasikia amezaa mtoto wa kike. Mwaka uliofuata mimi nami nilipata mimba, na sikuipima kwa joto wala kwa chochote. Nilimwambia mume wangu jikoni, akaketi chini sakafuni na kuniomba nirudie kusema.

Serikali ile ilipoanguka, mwenzangu alikuja kututembelea Kansanga na mumewe na binti yao. Tuliwapikia matoke na kuku. Baada ya kula, mume wangu, ambaye wakati wa amani alikuwa amejifunza kuongea, akaanza kusimulia habari ya daraja. Alisimulia vizuri: gogo, askari, tumbo. "Mimi na huyu," alikuwa akisema, akimwelekeza mwenzangu mkono, "mimi na huyu tulikuwa tumekufa tayari." Mwenzangu alitikisa kichwa kwa kukubali, macho yakimng'aa.

Niliweka sahani chini.

"Ngoja," nikasema. "Haikuwa hivyo. Nitasimulia mimi."